Barua kuhusu filamu ya kamusi ya Oxford

Mwalimu mwenzangu na sahibu yangu,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, na ama baada ya salamu, niende moja kwa moja kwenye swali lako. Umeniuliza kama filamu ya The Professor and the Madman, iliyotoka mwaka 2019 na inayosimulia jinsi kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilivyotungwa, inafaa kuonyeshwa wanafunzi wako wa kidato cha sita, kwa kuwa muhula huu unawafundisha jinsi kamusi zinavyotungwa. Jibu langu ni kwamba inafaa, lakini si yote, na si bila wewe mwenyewe kuzungumza nao kabla na baada ya kuitazama, kwa sababu waliotengeneza filamu hii waliielewa vizuri kazi ya kamusi katika sehemu ya kwanza, kisha wakaiogopa, wakakimbilia mapenzi na machozi.

Sehemu ya kwanza ni nzuri kweli. Mel Gibson anaigiza James Murray, mhariri wa kamusi hiyo, mtoto wa fundi cherehani wa kijiji cha Denholm huko Uskoti, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14 na kujifunza lugha nyingi kwa juhudi zake mwenyewe. Anaposimama mbele ya wakuu wa Chuo Kikuu cha Oxford na kuwatajia lugha anazozijua, moja baada ya nyingine, wanafunzi wako watacheka, nao watadhani ni chumvi ya mwandishi wa filamu. Waambie kwamba orodha ya namna hiyo Murray aliiandika kweli mwaka 1866, alipoomba kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, na kwamba kazi hiyo hakuipata. Uhariri wa kamusi alikabidhiwa mwaka 1879, akiwa bado mwalimu wa shule ya Mill Hill karibu na London, na hapo ndipo alipojenga kile kibanda cha mabati alichokiita Scriptorium, akakijaza mashubaka zaidi ya elfu moja ya kuwekea vikaratasi.

Vikaratasi hivyo ndivyo ninavyotaka wanafunzi wavitazame kwa makini. Msomaji wa kujitolea alipewa kitabu, akakisoma kwa utulivu, na kila alipokutana na neno lililotumika kwa namna ya kuvutia alichukua nusu ya karatasi, akaandika neno lenyewe juu, kisha tarehe, jina la mwandishi, jina la kitabu, ukurasa, na sentensi yote kama ilivyo. Mhariri alivipanga vikaratasi vya neno moja kwa kufuata miaka, akavitazama, na hapo tu ndipo alipoanza kuamua neno lina maana ngapi na ipi ilitangulia. Kwa maneno mengine, ufafanuzi wa neno ulikuja mwisho, baada ya ushahidi wote kuwekwa mezani. Wanafunzi wetu wengi wanaamini kwamba kuna mzee mmoja mwenye hekima aliyeketi akaamua maneno yana maana gani, na filamu hii, katika dakika zake bora, inaifuta dhana hiyo vizuri kuliko mhadhara wangu wowote.

Ninachosikitikia ni kwamba wamewaacha nje wasomaji wale wengine na vituko vyao. Kazi ilianza mwaka 1857 kwa uamuzi wa Chama cha Filolojia cha London, yaani chama cha wataalamu wa lugha, na Murray alipoipokea, alirithi kutoka kwa Frederick Furnivall, mhariri aliyemtangulia, karibu tani 2 za vikaratasi vilivyotupwa ovyo magunia kwa magunia. Katika gunia moja mlikuwa na panya mfu, na katika jingine panya hai pamoja na watoto wake. Vikaratasi vya herufi H vilipatikana Florence, nchini Italia, na vya maneno yanayoanza na Pa vilikutwa katika zizi la farasi huko Ireland, ambako vingine vilikuwa vimekwisha kutumiwa kuwashia moto. Watoto 11 wa Murray walikua wakipanga vikaratasi kwa alfabeti ili wapate pesa za matumizi, na barua zilizokwenda na kurudi zilikuwa nyingi kiasi kwamba Posta iliwajengea sanduku lake nje ya nyumba yao ya Oxford. Mimi ningetoa nusu saa nzima ya machozi ya filamu hii nipate dakika tano za panya yule na magunia yake.

Badala yake tumepewa Dakta William Chester Minor, anayeigizwa na Sean Penn, na sisemi kwamba hastahili. Alikuwa Mmarekani aliyezaliwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa wazazi wamisionari, daktari mpasuaji wa jeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambaye akili yake iliingiwa na hofu ya watu wasioonekana wanaomwandama usiku. Mwezi Februari mwaka 1872, katika mtaa wa Lambeth jijini London, alimpiga risasi na kumuua George Merrett, mfanyakazi wa kiwanda cha bia aliyekuwa akienda kazini alfajiri. Mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, akapelekwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye wazimu, na kutoka humo, kwa takriban miaka 20, alimtumia Murray maelfu ya vikaratasi. Filamu inamwonyesha akiandika kama mtu aliyepagawa, lakini siri yake ilikuwa utaratibu. Kwanza alijitengenezea faharasa ya maneno ya kila kitabu chake cha zamani, kisha akawauliza wahariri kwa barua wamefika neno gani, ndipo akawatumia mifano ya neno hilohilo. Wengine walituma walichokipenda. Yeye alituma kilichohitajika wiki ileile. Sisitiza jambo hilo darasani, kwa maana mgonjwa huyu ndiye aliyekuwa na nidhamu kuliko wazima wengi.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi. Ni kweli kwamba Eliza Merrett, mjane aliyeachwa na watoto wengi, alikubali kupokea msaada wa fedha kutoka kwa Minor, akamtembelea Broadmoor, na hata akamletea vitabu. Hilo peke yake ni ajabu ya kutosha, nami naamini hadhira ingeweza kukaa kimya mbele yake bila kuongezewa kitu. Waandishi wa filamu hawakuridhika: wamemfanya mjane huyo mwanafunzi anayefundishwa kusoma na muuaji wa mumewe, kisha mpenzi wake, na kutokana na penzi hilo wakaleta kile kitendo cha Minor kujikata sehemu zake za siri. Kitendo hicho kilitokea mwaka 1902, miaka 30 baada ya mauaji, naye alisukumwa na maradhi yake. Ziara za mjane zilikuwa zimekoma zamani. Mwanamke maskini aliyefanya jambo gumu la kusamehe amepokonywa msamaha wake na kuvishwa mahaba, na Natalie Dormer, anayemwigiza mjane huyo vizuri, hakuweza kuliokoa hilo.

Mwisho wa filamu nao umebanwa mno. Winston Churchill kweli aliamuru mwaka 1910, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Minor arudishwe Marekani, ambako alifariki mwaka 1920. Lakini mtazamaji anaweza kutoka akidhani kwamba kamusi ilikuwa karibu kwisha. Murray alifariki mwaka 1915 akiwa kwenye herufi T, na wenzake Henry Bradley, William Craigie na Charles Onions ndio walioendelea hadi ilipokamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno 414,825 na mifano zaidi ya milioni 1.8. Kuna pia ugomvi wa mahakamani uliofanya mwongozaji Farhad Safinia asitumie jina lake, mahali pake pakaandikwa jina la bandia P. B. Shemran, na Oxford unayoiona humo kwa sehemu kubwa ni chuo cha Trinity cha Dublin. Lakini hayo tuyaache, hayana faida kwa vijana.

Kwa upande wetu, kumbuka kwamba kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na sehemu ya kwanza ya kamusi ya Murray ilitoka 1884. Ukishawaonyesha filamu, waulize wanafunzi mifano ya Krapf ilitoka vinywani mwa nani, na kwa nini vidahizo vingi (yaani maneno yanayofafanuliwa) vya kamusi tunazotumia leo havina tarehe wala jina la mtunzi aliyelitumia neno kwanza. Kisha mpe kila mmoja diwani au gazeti la zamani pamoja na vikaratasi 20, asome na kuandika kama wale wasomaji wa Murray. Naamini watagombana kuhusu maana kabla kengele haijalia.

Kuhusu usalama wa vijana: kuna askari anayechomwa chuma usoni, matibabu ya kikatili hospitalini, na kitendo nilichokwisha kukitaja. Nashauri uonyeshe kuanzia mwanzo hadi urafiki wa Murray na Minor unapokolea, uruke mambo ya mjane, na uwasimulie mwenyewe yaliyobaki. Washa pia maandishi ya chini, kwa sababu lafudhi ya Kiskoti ya Gibson itawatatiza hata wale wenye Kiingereza kizuri. Nakala ninayo, na nitaituma pamoja na vikaratasi nilivyovikata tayari, basi niandikie ni wangapi darasani.

Wasalaam,
Mwenzako katika kazi