Taa ya ABS ipimwe kwanza, isichomolewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero inayowagusa wengi wetu tunaoendesha magari ya zamani yaliyotoka Japani, hasa Toyota za miaka ya 1990. Taa ya ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge, ikiwaka kwenye dashibodi na kugoma kuzima, wapo mafundi wanaoichomoa balbu yake mambo yakaisha, na wapo wanaomwambia mwenye gari anunue sensa mpya (kifaa kinachosoma mwendo wa gurudumu) au kontroli boksi nzima (kompyuta ya ABS), ilhali hawajapima chochote.

Taa hiyo ikiwaka, mfumo huo huwa umejizima na gari hubaki na breki za kawaida. Kwa kuwa kwenye lami kavu gari husimama vizuri tu, wengi hupuuza. Hatari hujitokeza siku ya mvua, tuseme mtu anateremka mlima wa Kitonga na kulazimika kukanyaga breki kwa ghafla: magurudumu hujifunga, gari huserereka, na usukani hautii tena. Ikiwa taa nyekundu ya breki nayo imewaka, gari lisiendeshwe kabisa hadi mafuta ya breki yaangaliwe na chanzo kijulikane.

Katika Toyota nyingi za wakati huo, kosa husomwa bila mashine yoyote. Chini ya boneti kuna soketi ndogo yenye kifuniko. Fundi huunganisha tundu la Tc na la E1 kwa kipande cha waya, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha huhesabu taa ya ABS inavyomweka. Ikimweka mara tatu, ikapumzika kidogo, kisha ikamweka mara moja, hiyo ni namba 31, yaani gurudumu la mbele kulia. 32 ni la mbele kushoto, 33 la nyuma kulia na 34 la nyuma kushoto. Baadhi ya modeli zina kipini kinachopaswa kuchomolewa kwanza, kwa hiyo kitabu cha gari husika kifuatwe. Vifaa vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu mara nyingi husoma injini peke yake, hivyo kifaa cha aina hiyo kikisema hakuna kosa, jibu hilo halihusu breki.

Fedha za wateja hupotea zaidi baada ya namba kupatikana. Namba 31 inaonyesha kwamba taarifa za gurudumu lile haziji sawasawa. Haisemi kwamba sensa imekufa. Huenda waya umekatikia ndani ya ganda lake karibu na shokapu, mahali unapopindwa kila usukani unapokatwa, au soketi imeshika kutu, au chembe za chuma zimeganda kwenye ncha ya sensa, ambayo ni sumaku. Pete yenye meno inayosomwa na sensa huweza kupasuka, na beringi iliyolegea huifanya pete hiyo icheze. Hapa Iringa nilimwona fundi akiunganisha maltimita (kipima umeme) kwenye waya wa sensa na kumwomba msaidizi wake akate usukani polepole: usukani ukiwa katikati, kipimo kilitulia kwenye omu elfu moja na kitu, lakini ulipofika mwisho wa kushoto namba zilipotea kabisa. Sensa ilikuwa nzima, na kilichobadilishwa ni kipande cha waya tu. Asiye na kitabu chenye vipimo sahihi anaweza angalau kulinganisha sensa ya kulia na ya kushoto.

Kuichomoa taa ni kosa zito zaidi, kwa sababu anayeuziwa gari hilo baadaye hana habari. Mnunuzi afungue swichi na kuitazama dashibodi: taa ya ABS inapaswa kuwaka kwa sekunde kama tatu kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, aulize sababu kabla ya kutoa fedha. Aangalie pia kama inazima sawia na taa ya oili injini inapowaka, maana wapo wanaoziunganisha taa hizo mbili kwa waya ili hitilafu isionekane.

Ombi langu kwa wenye gereji ni kwamba mteja aandikiwe namba ya kosa iliyosomwa pamoja na kipimo kilichochukuliwa, ndipo atajiwe bei ya spea.

Msomaji wako,
Iringa