Magogo si mbao: tusome vizuri takwimu za China na Marekani

Mhariri,

Wanaolinganisha uagizaji wa mbao laini (za misonobari na jamii yake) wa China na Marekani mara nyingi hujumlisha visivyojumlishika. Marekani hununua hasa mbao zilizokwisha kupasuliwa, nyingi kutoka Kanada. Kwenye forodha ziko chini ya namba 4407. China nayo huagiza mbao hizo, lakini huongeza magogo mazima, namba 4403, hasa misonobari ya New Zealand. Gogo likipita kwenye msumeno, karibu nusu yake huishia kuwa mabanzi, vipande na unga. Kwa hiyo mita za ujazo 2 za magogo zihesabiwe kama 1 hivi ya mbao, ndipo zijumlishwe.

Kosa la pili limejificha zaidi. Marekani hupima kwa futi za ubao: futi moja kwa futi moja, unene inchi 1. Kwa hesabu hiyo, futi 1,000 ni mita za ujazo 2.36. Lakini ubao wa inchi 2×4, ukishakaushwa na kupigwa randa, hubaki na inchi 1.5 kwa 3.5, huku ankara ikiendelea kusoma 2×4. Futi 1,000 za ubao huo ni mita za ujazo 1.55 tu. Theluthi nzima ni hewa!

Mwaka nao utazamwe. Tangu Januari 2022 Urusi imepiga marufuku kuuza nje magogo ya misonobari na jamii yake yasiyochakatwa, hivyo kushuka kwa 4403 upande wa China si lazima kumaanishe kwamba mahitaji yamepungua.