Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti yetu: tunaomba mwalimu mmoja wa sayansi

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa msichana wa gredi ya 9, nauza mboga sokoni na sijazoea kuandika barua za hivi, lakini Ijumaa mtoto ameniletea ripoti fomu na kwa Integrated Science ameandikiwa BE2, ile ya chini kabisa, na usiku huo sikulala.

Nikafungua daftari lake nione shida iko wapi. Nikakuta amechora mikroskopu, amepiga na rula, kila sehemu ameandika jina, safi kabisa. Nikamuuliza, umewahi kuishika? Akaniambia mama, hata mwalimu alitoa kwa kitabu akatuchorea ubaoni. Na huyo mwalimu simlaumu, amesomea Kiswahili na CRE, yaani dini ya Kikristo, yuko kwa mkataba, na wako watatu tu kwa masomo 9, gredi ya 7 hadi ya 9.

Mkurugenzi, mwaka jana ulikuja kwa mkutano wa wazazi ukasimama pale chini ya mwembe ukatuambia kufikia muhula wa pili mwalimu wa sayansi atakuwa amefika. Tulikupigia makofi. Muhula wa pili uliisha, wa tatu ukaisha, na huu ni mwaka mwingine. Nimekuja ofisini kwako mara tatu, nauli 200 kwenda na kurudi, na siku hiyo sukuma wiki yangu inanyaukia sokoni, naambiwa tu mkubwa ametoka.

Tangu 2023 hizi klasi za junior ziwekwe ndani ya primary tunaambiwa kila mtoto wa junior ana shilingi 15,042 za serikali kwa mwaka, mimi nashuku zinakuja kidogo kidogo na kwa kuchelewa, ndio maana maabara hatuna mpaka leo. Wenzao wa private wako na maabara na mtihani ni ule ule mmoja, KJSEA wa mwisho wa gredi ya 9, ambayo ni asilimia 60 ya alama za kuwapeleka senior, gredi ya 10. Wangu anataka STEM, ule mkondo wa sayansi na hesabu, anataka kuwa nesi. Na BE2 ataenda wapi?

Nilikuwa nimeandika pia vyoo na madawati, nimefuta. Naomba mwalimu mmoja wa sayansi kabla ya mtihani wa mwaka huu. Mmoja tu, Mkurugenzi. Hata akija kwetu siku mbili na zingine aende shule ya jirani tutakubali, nyumba wazazi tumesema tutamtafutia sisi wenyewe.

Mzazi wa gredi ya 9