Barua kwa Mama kabla kitabu hakijatoka

Hamburg, 8 Februari 2026

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Shikamoo na Bibi, na Baba Mdogo pia, maana najua hata kama amenuna atakuwepo barazani barua hii ikisomwa. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu imetukomesha, lakini hiyo si habari ya kukuandikia.

Nimeona nishike kalamu kwa sababu maneno ya kwenye simu hukatwakatwa. Mtu huchukua kipande anachokitaka akakitupa kwenye kundi la ukoo, na sasa naambiwa Muheza nzima inajua kwamba nimewaanika Ulaya. Barua hii inakuja kwa mkono wa mtu. Kaka aisome yote, asiruke, hata pale anapotajwa yeye.

Kitabu kinatoka mwezi ujao. Kwanza kwa Kijerumani, halafu kwa Kiswahili, ambacho ndicho nilichokiandikia. Kisa chenyewe nakupa mimi, usikisikie kwa watu.

Ni mwaka 1967, kwenye shamba la mkonge kati ya Muheza na Korogwe. Bei ya katani imeanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, Azimio la Arusha limekwisha tangazwa, na wenye mashamba wanakaa roho juu wakingoja kutaifishwa. Asubuhi moja watu wa zamu ya kwanza wanakuta maiti kwenye mfereji wa maji ya korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, amefunikwa na makapi ya mkonge. Mfukoni ana kipande, kadi yake ya kazi, na jina linasomeka. Koplo wa upelelezi anatoka Muheza kwa baiskeli, anaandika jina, anafungua jalada, maiti anazikwa. Jumamosi, siku ya mshahara, jina lile lile linaitwa dirishani. Mtu anaitika. Anapokea fedha zake, anaweka dole gumba, anaondoka.

Basi aliyezikwa ni nani? Na aliyeitika ni nani? Koplo wangu anaanza kuchimba, anakuta kwenye daftari la mishahara majina yasiyo na watu, wale ambao siku hizi tunawaita wafanyakazi hewa, na kuna mkono unaochukua fedha zao kila mwezi. Zaidi ya hapo sikuambii, utaharibikiwa na utamu.

Sasa hili la Baba Mdogo. Anasema nimeandika kisa cha Babu. Hapana. Babu hakuua mtu wala hakuuawa, alikufa kitandani pake nanyi mkiwa mmemzunguka. Kilicho cha Babu humo ni jambo moja, ambalo nyumbani kwetu kila mtu analijua na hakuna anayelitamka: kwamba alipotoka Songea na kundi la SILABU, ile ofisi iliyokuwa ikiwakusanyia wenye mashamba ya mkonge vibarua, mmoja wao alitoroka njiani, orodha ikabaki na jina ambalo mwenyewe hayupo, na nyapara hakutaka kuulizwa maswali Korogwe. Babu alikuwa kijana tu, amejichomeka katika safari bila kuandikwa popote. Akapewa kipande cha yule, na jina lake. Akalifanyia kazi miaka yote, akalioea, akatuzaa. Ndilo lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, na ndilo lililochapwa juu ya jalada la kitabu, kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha kitabu chenyewe. Kila nikiliona nacheka peke yangu. Yule bwana aliyetoroka, popote alipoishia, amekuwa mwandishi wa riwaya Ujerumani.

Sikulichukua hivi hivi. Nilimwomba Bibi ruhusa nilipokuja likizo, tukiwa jikoni, wewe ulikuwa sokoni. Alinyamaza mpaka nikadhani amesinzia, halafu akaniambia niandike, ila mwuaji asiwe karani, kwa sababu kaka yake alikuwa karani wa shamba na alikuwa mtu mwema. Na akataka yule atakayekufa apate jina lake kamili kabla kitabu hakijakwisha. Alisema amewaona wengi wakizikwa pale shambani kwa namba, hataki mwingine, hata wa uongo.

Nimetimiza yote mawili. Hilo la kwanza limenipa taabu, kwa maana kila msomaji akishaona daftari la mishahara atamkazia macho karani, na mhariri wangu alinibembeleza miezi mingi kwamba karani ndiye anayefaa. Nikamwambia karani hagusiki, kuna amri kutoka Muheza. Mwishowe alikubali kwamba imekuwa bora hivyo, kwa kuwa msomaji anamfukuza karani na mwuaji anapata nafasi ya kunywa chai. La pili ndilo lililokifanya kitabu. Nilikuwa naandika habari ya nani kaua, kumbe swali la koplo likawa nani kafa, na hilo ndilo lililonikesha. Kwa hiyo Baba Mdogo akitaka kugomba, agombe na mama yake.

Mwambie pia, kwa heshima zote, kwamba hakuna mtu humo anayevua meno ya bandia akiwa na hasira. Nilikuwa nimemweka, nikamtoa.

Jalada nalo lilikuwa na mambo. La kwanza walilonionyesha lilikuwa na mgunga, jua kubwa jekundu linazama, na mwanamke amejitwika mtungi. Nikawauliza, Muheza na mgunga wapi na wapi? Muheza ni michungwa na minazi, na ukishapita hapo ni mkonge mpaka macho yachoke. Waliniambia wasomaji wa hapa wakiona mgunga wanajua kitabu kinatoka Afrika. Nikajibu kwamba wakiona mkonge watauliza ni kitu gani, na mtu anayeuliza ameshakishika kitabu mkononi. Tulivutana. Sasa kuna mistari ya mkonge inayokwenda mbali na baiskeli imeegeshwa. Nimekuwekea picha ndani ya bahasha.

Ajabu ni kwamba mji huu huu una sehemu yake katika mkonge wetu na wengi hawajui. Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, mwaka 1893, shehena ilipitia bandari ya Hamburg. Ilikuwa kama miche 1,000. Iliyosalia hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kule Pangani. Mashamba yote yale, na reli iliyojaa marobota, na manamba kutoka Songea na Kigoma, na sisi wenyewe tuliozaliwa kwa sababu yao, mbegu yake ni miche 62. Mhariri hakuniamini, akaenda kukagua, akarudi kimya. Tumeliweka nyuma ya kitabu, katika maelezo mafupi.

Na pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna babu mmoja aliyekuwa mpakuzi bandarini ujana wake. Huyu na wenzake, Jumapili saa mbili na robo usiku ya hapa, hawasogei mbele ya televisheni, kwa kuwa kuna tamthilia ya upelelezi inayoonyeshwa tangu 1970, na Wajerumani huitazama kama ibada. Wanabishana, wanabashiri mwuaji, wanatukana polisi. Shule yangu ya uandishi, Mama, nusu yake ni pale, nikiwa nabadilisha mashuka. Nilipomwambia yule babu kwamba kitabu changu ni cha mkonge wa Tanga, alikumbuka marobota. Kilo 250 kila moja, akasema, na vumbi lake lilikuwa likiwashia koo. Akanionyesha kwa mkono jinsi walivyokuwa wakiyageuza kwa kulabu. Kulabu hiyo imeingia kitabuni. Sisemi imefanya nini.

Sasa fedha, maana najua Kaka amekwisha piga hesabu ya bati. Kitabu kitauzwa yuro 18, kama shilingi elfu hamsini, na ndiyo, hata mimi nilishtuka. Katika hizo, zangu ni yuro moja na ushee kwa kila nakala, na hata hiyo siioni bado, kwa sababu walinipa fungu la mwanzo nilipotia saini, na mpaka mauzo yalifidie fungu hilo sitapata senti nyingine. Fungu lenyewe ndilo lililolipa hospitali ya Bibi ile mara ya mwisho, kwa hiyo limekwisha fika Muheza kabla ya kitabu. Kazi siachi.

Kilichonifurahisha ni sheria yao moja. Bei ya kitabu kipya huku anaipanga mchapishaji, na hakuna duka linaloruhusiwa kuipunguza, wala lile la uchochoroni wala lile kubwa la kwenye intaneti, kwa muda usiopungua miezi 18. Ndiyo maana kona nyingi bado zina duka dogo la vitabu na mama mmoja anayejua kila msomaji wake anapenda nini. Ukitaka kitabu ambacho hana, unamwambia jioni, asubuhi kimefika. Mimi nakumbuka kungoja kitabu cha fasihi Tanga mpaka mtihani ukapita.

Uzinduzi utakuwa katikati ya Ramadhani, sikuwa na la kufanya, tarehe hupangwa na wao mapema mno. Namna yao ni hii: mwandishi anakaa mezani chini ya taa, anawekewa glasi ya maji, anasoma, na watu waliolipa kiingilio wanasikiliza bila kukohoa. Hakuna taarabu, hakuna mgeni rasmi, hakuna harambee. Mara ya kwanza nilipohudhuria usomaji wa mtu mwingine nilidhani nimeingia kwenye tanzia. Kwa bahati saa hiyo jua litakuwa limezama, maji nitayanywa. Mwigizaji mmoja atasoma Kijerumani, mimi nitasoma kurasa mbili kwa Kiswahili, ile sehemu ya siku ya mshahara. Baadaye kuna maonyesho ya vitabu ya Leipzig, na kwa hesabu yangu Sikukuu itaangukia siku hizo hizo. Nitaswali huko. Usihuzunike, kuna Waswahili wa kutosha Leipzig, chuo kikuu chao kinafundisha Kiswahili, na pilau itapatikana.

Huwa wananiuliza nimejifunza kwa nani, wakitarajia nitaje Waswidi, wale wa riwaya za upelelezi. Nawaambia nyumbani tulikuwa na mpelelezi Bwana Msa, wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu 1960, na kwamba marehemu Baba alikuwa akimsoma kwa sauti kwa taa ya chemli huku akificha kurasa za mwisho tusichungulie. Wanaandika jina kwenye vikaratasi. Nafurahi sana wakifanya hivyo, zaidi ya wakinisifu mimi.

Sasa maombi yangu. Haki ya Kiswahili sikuwauzia, nimeibakiza mkononi, na mchapishaji wa Dar amekubali kimsingi. Nataka kiwe chepesi, karatasi ya kawaida, bei ambayo mwalimu wa Muheza anaweza kuilipa bila kuuza kuku. Kabla hakijakwenda mtamboni, Kaka achukue mswada ninaoutuma pamoja na barua hii awapelekee wale wazee wawili waliofanya kazi ya brashi, wa kule kambini. Awasomee sura ya tatu na ya nne tu, zile za korona na za kuanika singa, nyuzi za mkonge. Wakicheka mahali pasipochekesha, aandike ni ukurasa gani. Wajerumani hawatanishika nikikosea korona, lakini wale wazee watanishika, na watakuwa na haki. Awapelekee na sukari, mwezi mtukufu unaingia.

Baba Mdogo naye nimemwekea nakala yake ya mswada, ina jina lake juu. Akisoma mpaka mwisho na bado ameudhika, anipigie mwenyewe. Asipitie kwenye kundi.

Mama, macho yako vipi? Ulisema daktari wa hospitali ya Bombo alitaka urudi. Nenda kabla ya kufunga, usingoje Mfunguo Mosi. Nauli nimempa huyu anayeleta barua.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine, nimeikunja na kuibana kwa gundi. Hiyo ni ya Bibi. Unamjua, hawezi kusikiliza hadithi mpaka aambiwe kwanza imeishaje, na ameniapia hatasikiliza hata mstari mmoja wa kitabu changu bila kujua nani aliyeua. Nimemwandikia jina na sababu, mistari sita. Msomee wewe, mlango ukiwa umefungwa, Kaka akiwa ametumwa dukani. Ukimaliza ichome, na wewe jifanye hujasoma.

Wasalimie wote, mkubwa na mdogo.

Mwanao, kitinda mimba wako.