Shimo jeusi linalopwita kila baada ya saa tisa

Chumbageni, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila vuli imeanza kwa fujo na umeme unakatika unavyotaka.

Swali lako sijalisahau: kama shimo jeusi halitoi mwanga, hao wataalamu wanaona nini kinachowaka na kufifia? Shimo lenyewe ni giza kweli, mvuto wake ni mkali hata mwanga hautoki. Kinachowaka ni gesi inayolizunguka kama sahani kabla ya kuzama. Inasuguana, inapata joto kali ajabu na kutoa eksirei. Chakula kikizidi huwaka zaidi, kikipungua hufifia.

Huko kufifia ndiko kulikoninasa mimi. Karibu mashimo yote ya galaksi nyingine yako mbali mno, darubini haiwezi kuionyesha ile sahani ya gesi. Basi wanaipima kwa muda. Fikiria zafa ya maulidi: dufu la mbele likibadili mdundo, wa nyuma hawaupati papo hapo, sauti lazima iwafikie. Msafara ukibadilika wote kwa kitambo kidogo, ujue ni mfupi. Kule kinachosafiri ni mwanga, na hakuna kinachoupita. Kwa hiyo kitu kikipanda na kushuka ndani ya saa moja, upana wake hauzidi mwendo wa mwanga wa saa moja, yaani kama kilometa bilioni moja. Kutoka kwenye Jua, ni kuipita Jupita na kuishia kabla ya Zohali. Humo umejazwa uzito wa majua malaki au mamilioni! Na hesabu yenyewe ni kasi mara muda tu, hata Kidato cha Pili wanaiweza.

Kwa kawaida kupepesa huko hakuna mpangilio. Ndiyo maana mkesha wa Krismasi 2018 setilaiti ya XMM-Newton ilishtua watu: shimo jeusi la katikati ya galaksi ya GSN 069 lilikuwa likilipuka kwa eksirei kila baada ya saa tisa hivi, kila mlipuko kama saa moja, kisha kimya. Wapo wanaosema kuna nyota ndogo inayolizunguka shimo na kuchanwa kidogo kidogo. Mimi nayapenda maelezo hayo, ingawa ubishi haujaisha.

Halafu kuna kioja cha galaksi ya M82. Chanzo kimoja cha eksirei kule kiling'aa mno hata kikadhaniwa ni shimo jeusi. Mwaka 2014 setilaiti ya NuSTAR, watu wakiangalia nyota iliyolipuka jirani yake, ikakikuta kinapwita kila sekunde 1.37 bila kukosea. Shimo jeusi halina uso wa kushikilia doa la moto linalojitokeza kila mzunguko, haliwezi kupwita hivyo. Kumbe ni nyota ya nyutroni, mabaki mazito ya nyota kubwa iliyokufa!

Wanafunzi wangu lakini walichangamkia jambo jingine kabisa. Anga letu huzuia eksirei, hivyo lazima vyombo vipande juu. Na setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo ilirushwa hapa hapa pwani yetu, kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Ikaitwa Uhuru. Mmoja akauliza kwa nini haikurushiwa Tanga, darasa zima likamuunga mkono, kipindi kikaishia hapo.

Ukija likizo, njoo na noti zako za mawimbi. Zangu wameziazima, hazijarudi. Nisalimie sana mama.

Wako,
Mwanakombo