Shukrani kwa Mgeni Aliyetusaidia Makumbusho

Ndugu mwema ambaye hatukupata hata kulijua jina lako,

Kwa niaba ya kikundi chetu cha majirani wanaotembelea pamoja makumbusho na maeneo ya urithi, naomba upokee shukrani zetu za dhati. Tulifika watu 27 bila kutoa taarifa mapema, kosa ambalo lilikuwa langu mimi mratibu, nawe, uliyekuwa mgeni kama sisi, ukatuona tumesongamana mlangoni ukaacha matembezi yako ili utusaidie.

Ulitushauri tugawanyike katika makundi matatu, kila moja lianzie chumba chake, kwa kuwa watu wengi wakilizunguka kabati moja la kioo, walio nyuma huambulia migongo ya wenzao. Ukamtafutia mzee wetu kiti cha magurudumu na njia isiyo na ngazi. Kisha ukawaeleza vijana, kwa upole ambao sitausahau, kwamba mwanga hufifisha rangi za vitambaa na karatasi za kale, na ndiyo maana chumba kile kilikuwa na giza kiasi. Hilo ndilo lililonigusa zaidi, kwani vijana wale wale waliokuwa wakilalamika waliisogelea ile nguo kuukuu, na mmoja akauliza ilifumwa vipi.

Tangu hapo huandika barua wiki kadhaa kabla ya safari, nikitaja idadi yetu na wasioweza kupanda ngazi. Tutatoka tena tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inayoadhimishwa tangu 1977. Ukiyasoma haya, tafadhali jitokeze, nafasi yako ipo.