Kwa nini nanoemalsheni ya manjano hutuama chembe chini ya chupa

Malalamiko yenyewe huwa hivi: dawa ya kupaka ya nanoemalsheni (vitone vidogo mno vya mafuta vilivyotawanywa majini) ilitoka mashineni ikiwa angavu, kipimo kikaonyesha vitone vya nanomita 60, na wiki tatu baadaye kuna vumbi la njano chini ya chupa. Lawama zote huangukia mashine. Chukua lile vumbi, liweke chini ya hadubini. Ukiona vijiti vyembamba kama sindano, hizo ni fuwele za kurkumini, kile kiini cha njano kinachotoka kwenye manjano. Vitone vyako huenda bado ni vya nanomita 60, ila sehemu kubwa ya kurkumini imevitoka.

Kurkumini haipatani na maji, na hata kwenye mafuta ya mbegu huyeyuka kidogo tu. Kwenye PEG 400 (kiyeyushi kinachochanganyika na maji) au ethanoli huyeyuka kwa wingi, na mtego uko hapo. Ukiongeza maji, PEG huyafuata maji na kuyaacha mafuta. Kurkumini iliyokuwa imeshikiliwa nayo hubaki haina pa kukaa. Fuwele huchukua muda kujijenga, kwa hiyo siku ya kwanza chupa hukudanganya.

Piga hesabu kabla ya kuwasha mashine. Tuseme gramu 1 ya mafuta yako inayeyusha miligramu 5. Gramu 5 za mafuta katika kila gramu 100 za bidhaa zitabeba miligramu 25, yaani 0.025%. Lebo inayoahidi 1% inadai mara 40 ya hapo. Safaktanti (kiunganishi cha mafuta na maji) kama Tween 80 nayo hubeba kiasi, lakini kuirundika ili ifidie pengo ni kosa: ngozi yenye ukurutu tayari imepungukiwa kinga, na safaktanti nyingi huiwasha zaidi.

Kiasi cha kurkumini kinachoyeyuka kwenye mafuta yako kipime, usikikisie. Tia kurkumini ya ziada kwenye mafuta, tikisa saa 48 kwenye 25°C gizani, zungusha kwa kasi ili mabaki yatuame, kisha pima jinsi mafuta ya juu yanavyofyonza mwanga wa nanomita 425. Kwenye maabara yetu hatupakii zaidi ya 80% ya kiwango kinachopatikana, kwa sababu chupa ikipoa uwezo wa mafuta hushuka. Angalizo: unga wa kurkumini ulioandikwa 95% kwa kawaida ni jumla ya kurkuminoidi tatu (kurkumini na ndugu zake wawili), na kipimo hiki huzisoma zote pamoja.

Vitone vikikua bila fuwele, hilo ni tatizo jingine, na hutokea sana kwa mafuta ya kunukia: vitone vidogo huyeyuka polepole majini na kunenepesha vikubwa. Kuchanganya mafuta mazito ya mbegu ndani ya kitone hupunguza kasi hiyo.

Jeli ya kabopoli (unga wa kutengenezea jeli) ina balaa lake. Ukiishikisha, yaani kuifanya iwe nzito, kwa trietanolamini (kemikali ya kupandisha pH) wakati kurkumini imo ndani, mistari myekundu-kahawia hutokea pale tone linapoangukia: pH imepanda ghafla na kurkumini inaharibika. Shikisha jeli kwanza, ifikishe pH 5.5, ndipo uingize nanoemalsheni kwa kukoroga taratibu. Jaza kwenye tyubu ya alumini au chupa isiyopitisha mwanga.

Ukituletea sampuli, lete pia mafuta matupu uliyotumia, gramu 20 zinatosha, pamoja na cheti cha unga. Kipimo cha kwanza tunachofanya ni cha hayo mafuta.